Somo la Kikundi: Kemikali Ikiingia Jichoni, Maji Kwanza

Lengo la somo: Kila mwanakikundi ajue la kufanya katika dakika ya kwanza mwenzake anaporukiwa na kostiki soda, chokaa, asidi ya betri au dawa ya shambani machoni.

Muda: Saa moja na nusu, pamoja na zoezi.

Vifaa: Jerikeni 2 za lita 20 zenye maji safi, jagi au kikombe kikubwa, karai, kitambaa safi, na saa (hata ya simu inatosha).

Kwa kiongozi wa somo: Soma kisa kwa sauti, polepole. Kisha wape watu nafasi ya kusema kabla hujaendelea. Usiwaambie jibu mapema.

KISA

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha kikundi kimoja cha akina mama kutengeneza sabuni ya kufulia. Niliwafundisha kupima mafuta, kupima kostiki soda, kukoroga, na kumimina kwenye mbao. Niliwaambia wavae glavu. Niliwaambia pia watumie ndoo ya plastiki, lakini sikueleza kwa nini. Sabuni ikatoka nzuri, wakauza sokoni, wengine wakaanza kulipia watoto karo. Mimi nikaenda zangu nikijisifu.

Alhamisi moja ile ndoo ilikuwa imeazimwa na watu wa matanga. Mama mmoja akasema, "Si tutumie tu sufuria?" Wakachukua sufuria ya alumini, hii ya kawaida ya kupikia ugali. Wakatia maji, wakamimina kostiki. Mara ikaanza kuchemka na kutoa povu bila moto wowote. Mama aliyekuwa akikoroga akainama aone kuna nini. Povu likaruka, likamwingia jicho la kulia.

Wenzake walimpenda, hakuna aliyemkimbia. Mmoja alileta limau, kwa maana alisikia kwamba limau huua ukali wa kostiki. Wa pili alileta maziwa. Wa tatu alimfunga jicho kwa leso. Wawili walikimbia barabarani kutafuta bodaboda. Dispensari iko kilomita tisa. Muuguzi alipoanza kuosha jicho lile, dakika hamsini zilikuwa zimekwisha kupita.

Hatua kumi kutoka pale alipoungulia kulikuwa na tangi la maji ya mvua, limejaa. Wote walilipita wakikimbia.

Jicho lile halioni tena. Nilipoenda kumtembelea aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, wewe ulijua kwamba ni maji?"

Nilijua. Sikuwa nimewaambia. Nilifundisha namna ya kupata faida, nikaacha namna ya kujiokoa. Ndiyo sababu ninawaletea somo hili.

Simameni hapa mjadiliane:
• Watu hawa walikosea wapi? Ni kwa kukosa upendo, kukosa pesa, au kukosa maarifa?
• Jambo hili likitokea leo katika kikundi chetu, tungefanya nini kwanza?
• Maji ya karibu yako wapi, na ni hatua ngapi kutoka mahali tunapofanyia kazi?

VITU VINAVYOUNGUZA MACHO KATIKA KAZI ZETU

Wengi wetu tukisikia neno "kemikali" tunafikiria viwanda vya mjini. Lakini tazameni kazi zetu wenyewe:

• Watengenezaji sabuni: kostiki soda, ikiwa kavu au ikiwa imeyeyushwa.
• Mafundi wa ujenzi na wapaka rangi: chokaa na simiti.
• Mafundi wa betri na wenye magari: asidi ya betri. Betri inaweza hata kupasuka ikiwekewa moto au cheche karibu.
• Wafugaji: dawa ya kupe, kwenye dipu au kwenye pampu ya mkono.
• Wakulima: dawa za wadudu, dawa za magugu, na mbolea za chumvichumvi.
• Wafanya usafi na wafua nguo: maji makali ya kung'arisha nguo na dawa za kusafishia choo.

Kumbukeni pia watoto. Mtoto huzunguka pale mama anapofanya kazi, na kostiki iliyomiminwa kwenye chupa ya soda huonekana kama kinywaji.

KWA NINI NI LAZIMA TUHARAKISHE?

Nyinyi watengenezaji sabuni mtaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Kostiki ina kazi moja: inageuza mafuta kuwa sabuni. Sasa, jicho limejengwa kwa chembe hai ndogo sana, na kuta za chembe hizo zina mafuta ndani yake. Kostiki ikifika pale haijui kama haya ni mafuta ya ng'ombe au ni jicho la mtu. Inaanza kazi ile ile ya kuyageuza sabuni. Ukuta ukiisha kuyeyuka, kostiki inaingia ndani zaidi, inakuta ukuta mwingine, inauyeyusha pia. Kwa dakika chache tu inaweza kufika ndani kabisa ya jicho. Haitaacha mpaka iishe nguvu au mpaka maji yaiondoe.

Chokaa na simiti ni wa ukoo mmoja na kostiki. Ubaya wao wa ziada ni kwamba punje zake hujificha chini ya kope na kuendelea kuunguza hapo polepole, hata kama mtu anafikiri ameshaosha.

Asidi ya betri ina tabia tofauti kidogo. Inagandisha sehemu ya juu ya jicho, kama limau linavyogandisha maziwa. Ule mgando huizuia kidogo asidi isipenye haraka. Kwa hiyo mara nyingi kostiki na chokaa ni hatari kuliko asidi. Lakini msidanganyike: asidi kali hupofusha vilevile.

Sehemu inayoumia kwanza ni kioo cha jicho, yaani ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni ambayo mwanga hupitia. Kikiungua sana hupata kovu jeupe, kama kioo cha dirisha kilichopakwa chokaa. Jicho lipo, lakini mwanga hauingii.

Dawa ya hatari hii ni kuondoa kemikali, na kitu cha kuiondoa ni maji, maji mengi, na mapema. Hata hospitali kubwa huanza na kuosha. Tofauti ni kwamba wewe uko karibu na jicho sasa hivi, na hospitali iko mbali.

HATUA ZA KUFUATA

1. Piga kelele "Maji!" Aliyeumia asianze kutembea huku na huku akitafuta maji, maana haoni. Mtu mmoja amshike mkono, mwingine alete maji.

2. Anza kuosha papo hapo. Tumia maji safi yaliyo karibu: ya bomba, ya tangi, ya mtungi wa kunywa. Hapana kungoja maji yachemshwe wala kutafuta dawa. Kama hakuna maji safi kabisa, tumia safi kuliko yote yaliyopo. Uchafu kidogo unaweza kutibiwa baadaye, lakini kovu la kostiki ni vigumu.

3. Kama ni unga mkavu wa chokaa, simiti au kostiki, pangusa haraka ule ulioko usoni na kwenye nywele kwa kitambaa kikavu, kisha mimina maji mengi mara moja. Maji machache juu ya chokaa au kostiki kavu huleta moto. Maji mengi huipoza na kuiondoa. Msipoteze dakika kwa kupangusa. Ni sekunde chache tu.

4. Mlaze au mketishe, kichwa kiinamie upande wa jicho lililoumia. Jicho bovu liwe chini, zima liwe juu, ili maji yenye kemikali yasiingie upande wa pili. Kama yote mawili yameingiwa, mlaze chali, umimine juu ya mfupa wa pua ili maji yatiririke pande zote mbili.

5. Fungua jicho kwa vidole. Hili ndilo gumu kuliko yote. Jicho linalouma hujifunga lenyewe kwa nguvu, na aliyeumia atakusukuma. Si kwamba amekuwa mkaidi, ni maumivu. Shika kope ya juu na ya chini kwa vidole viwili, ukitumia kitambaa safi zisiteleze, uzitenganishe. Ukimwagia maji jicho lililofumbwa, umeosha uso tu.

6. Mimina polepole bila kukatiza, kutoka upande wa pua kwenda upande wa sikio. Jagi liwe juu kidogo tu, kama upana wa kiganja. Usirushe maji kwa nguvu.

7. Mwambie atazame juu, chini, kulia, kushoto, huku unamimina. Vuta kope ya chini, uoshe ndani yake. Inua kope ya juu, uoshe chini yake. Ukiona punje ya chokaa au simiti, iondoe taratibu kwa ncha ya kitambaa kilicholowa. Ikiwa imeng'ang'ania kwenye kioo cha jicho, usiichokonoe. Endelea kumimina maji.

8. Tazama saa. Osha nusu saa kamili. Ikiwa ni kostiki, chokaa au simiti, na maji yapo, endeleeni hata saa moja. Nusu saa ni ndefu kuliko mnavyodhani. Watu wengi huchoka baada ya dakika tatu wakafikiri wamemaliza. Badilishaneni mikono.

9. Vueni nguo zilizolowa kemikali, mkaoshe pia uso, nywele na shingo. Anayesaidia avae glavu, au mfuko wa plastiki mikononi, hasa ikiwa ni dawa ya shambani, kwa kuwa nyingine hupenya ngozi na kumlewesha mtu kwa sumu.

10. Baada ya hapo nendeni hospitali, hata kama anasema amepona. Mtu mmoja atafute usafiri wakati wengine wanaosha. Bebeni maji, mwendelee kumimina njiani kama mnaweza. Bebeni pia mkebe au karatasi ya dawa iliyomwingia, ili mganga aone jina lake.

MAMBO YA KUEPUKA

• Usitie limau wala siki eti uue kostiki, wala magadi eti uue asidi. Vitu hivi vikikutana hutoa joto, na jicho linapata kidonda cha pili. Isitoshe, dakika ya kutafuta limau ni dakika ya kupoteza jicho.
• Usitie maziwa ya ng'ombe, maziwa ya mama, mkojo, asali, mafuta, mate wala majani. Jicho lililoungua ni kidonda kilicho wazi, na vitu hivi huingiza vijidudu.
• Usisugue jicho.
• Usilifunge kwa leso au pamba badala ya kuliosha. Ukilifunga, umeifungia kemikali ndani.
• Usitie dawa ya macho iliyobaki nyumbani au uliyouziwa bila kupimwa. Baadhi ya matone huzidisha kidonda cha jicho.
• Usidanganywe na kupungua kwa maumivu. Na usidanganywe na weupe. Jicho likiwa jekundu tunaogopa. Likiwa jeupe tunafurahi. Lakini jicho lililoungua vibaya linaweza kuwa jeupe kabisa, kwa sababu mishipa yake ya damu imekufa. Weupe huo ni hatari zaidi kuliko wekundu.

MKIFIKA DISPENSARI

Msikae foleni kimya. Hii si dharau kwa wengine waliotangulia. Mwambieni muuguzi mara moja: "Kemikali imeingia jichoni, ni kostiki, iliingia saa fulani, tumeosha kwa dakika kadhaa." Maneno hayo manne yatamsaidia sana.

Watu wa hospitali wataendelea kuosha, pengine kwa maji ya dripu baada ya kutia matone ya kuondoa maumivu. Wana karatasi ndogo inayobadilika rangi, ambayo huguswa kwenye machozi kuonyesha kama kemikali imekwisha. Kisha watageuza kope watafute punje, na kutia rangi maalum inayoonyesha mahali palipoungua. Wakiona hatari, watawatuma kwenye hospitali yenye wataalamu wa macho, kama zile za Kikuyu, Sabatia kule Vihiga, au Kwale. Mkitumwa, nendeni siku hiyo hiyo. Msiseme "tutangoja mwisho wa mwezi." Kikundi chenye mfuko wa dharura kitaona hapa faida yake.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

• Miwani ya kazi. Nunueni ile inayofunika macho pande zote. Miwani ya jua haitoshi. Mkiwa na uwezo wa kununua miwili tu, wavae anayepima na anayekoroga, wengine wakae mbali.
• Kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Mimina kidogo kidogo ukikoroga. Mchanganyiko hupata moto sana wenyewe.
• Kamwe usitumie sufuria ya alumini. Kostiki huila alumini, ikachemka na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Tumieni ndoo nzito ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Ndoo hiyo iandikwe "KOSTIKI," na isiazimwe mtu, hata kwa matanga. Usiinamie ndoo.
• Dawa ya shambani isipulizwe dhidi ya upepo. Tundu la pampu likiziba, usilipulize kwa mdomo. Ondoa kwanza nguvu ya upepo ndani ya pampu kabla ya kufungua.
• Kemikali ibaki kwenye chombo chake chenye jina. Isiwekwe kwenye chupa ya soda wala ya maji. Ifungiwe mahali pa juu.
• Wale mlioajiriwa, jueni kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga wafanyakazi wanaoshika vitu vya hatari, na awe na vifaa vya huduma ya kwanza. Si fadhili, ni haki. Ulizeni kwa heshima, tena kwa umoja.

NENO KWA WACHUNGAJI WA MIFUGO: SWILA ATEMAYE

Nchini kwetu wako swila wanaotema sumu, nao hulenga macho. Msaada wake ni huu huu: maji mengi mara moja, kope zikiwa wazi, kisha hospitali. Mchungaji akiwa mbali na maji atumie yale ya kunywa aliyobeba. Kwa hiyo mtoto asitoke na mifugo bila chupa ya maji.

ZOEZI: JERIKENI YA MACHO

Mashine za kuosha macho katika viwanda vikubwa hutoa maji kama lita 1.5 kila dakika, kwa dakika 15. Hizo ni lita 22 na nusu, yaani jerikeni moja na zaidi kidogo. Ina maana hata kikundi cha kijijini kinaweza kuwa nayo, bila kungoja mfadhili.

Fanyeni hivi: Mtu mmoja alale, afumbe macho, awe "mgonjwa." Mwingine ammiminie maji kando ya uso kwa jagi, polepole. Wa tatu ashike saa. Pimeni jerikeni moja ya lita 20 inachukua dakika ngapi. Mkimimina lita moja kwa dakika, itawapa dakika 20, na mbili zitawapa 40. Badilishaneni mpaka kila mmoja amemimina. Maji yanayokingwa kwenye karai mwagilieni mboga.

Kisha wekeni jerikeni mbili mahali pa kazi, zimefunikwa, na jagi limefungwa kwa kamba. Andikeni "MAJI YA MACHO." Mtu mmoja achaguliwe kubadilisha maji kila wiki. Yasinywewe, yasioshewe vyombo. Kazi isianze kama jerikeni hazijajaa.

MASWALI YA MWISHO

1. Kwa nini jicho lenye kostiki linaoshwa kabla ya kutafuta usafiri?
2. Chokaa imemwingia fundi. Ameosha dakika tano, anasema amepona. Utamwambia nini?
3. Mzee anayeheshimika anasisitiza mtie maziwa ya mama. Mtamjibuje bila kumvunjia heshima, na bila kuacha kuosha?
4. Kikundi chetu kitanunua nini mwezi huu: miwani, glavu, au ndoo? Nani atanunua, na lini?

Andikeni jibu la swali la nne kwenye kitabu cha mikutano, pamoja na jina na tarehe. Neno lisiloandikwa husahaulika.

Yule mama wa kisa bado ni mwanachama. Siku hizi ndiye anayekagua jerikeni kabla ya kazi. Zikipungua hata kidogo hufunga mlango, na hakuna anayebishana naye. Mwaka jana kijana mmoja anayechaji betri pale sokoni alirukiwa na asidi machoni. Mama huyo alikuwa karibu akiuza sabuni. Alimlaza chini, akapaza sauti, akamiminia maji, akawazuia watu waliotaka kumwondoa kabla ya nusu saa kwisha. Kijana anaona vizuri kwa macho yote mawili.

Wapeni somo hili majirani zenu kabla wiki haijaisha. Msiwe kama mimi, niliyejua nikanyamaza.